Kimoja kwa Vitano

Hamira ya kwanza niliiua kwa haraka.
Birika lilikuwa likipiga mluzi, nami nikamimina
kama mtu anayekoga baada ya zamu ya usiku.
Ikatulia chini ya kikombe, tope la kahawia,
haikusema neno.
Nikangoja. Adhana ya adhuhuri ikapita, nikangoja.
Unga ukabaki ulivyo, umelala kwenye sinia
kama gunia lililosahauliwa gatini.

Maji ya moto hayachomi nyumba, walisema.
Kweli. Nyumba ilisimama.

Barke akacheka simuni, kutoka Dammam,
sauti ya kunong'ona, wenye nyumba wasiamke:
"Ewe Shee, wataka boflo
ama wataka kunyonyoa kuku?"

Ya pili niliiogopea. Nikachota mtungini
maji ya alfajiri, yangali na usiku ndani yake.
Hiyo haikufa, ilisinzia tu.
Unga uliumuka saa ambayo wateja wangu wa chai
walikwishapiga miswaki wakalala,
ukafurika sinia gizani, peke yake.

Pakiti imeandikwa: sehemu moja ya maji yachemkayo,
mbili za maji baridi ya bomba.
Aliyeandika hajafungua bomba la Majengo
mwezi wa tatu, saa nane mchana,
tangi jeusi limekaa juu ya paa tangu asubuhi
likitazamana na jua.
Na bomba likikauka, huja Katana na mkokoteni,
madumu ishirini,
na joto la njia yote tangu Makupa
amelitia humo bila malipo.

Nikaazima kipimo cha homa kwa Dzame, nesi wa chumba cha pili.
Kikapanda hadi arobaini na mbili, kikagoma.
"Hicho ni cha watoto," akasema.
"Wakifika hapo, hatuzungumzi habari za mkate."

Tatizo ni mikono hii.
Miaka kumi na tisa ya kamba, ya ndoano,
ya mchele na simenti:
viganja vimekuwa ngozi ya kiatu.
Nikichovya kidole, kinaniambia: maji.
Zaidi ya hapo hakijui.

"Si kidole," akasema Barke, usiku mwingine,
kunong'ona kule kule.
"Kifundo cha mkono, kwa ndani,
hapo daktari anapohesabu mapigo.
Mimina kidogo. Ukiyasikia moto, yamezidi.
Ukiyasikia baridi, ongeza.
Usiposikia kitu, kana kwamba hayapo,
ndiyo hayo.
Kimoja cha birika, vitano vya mtungi.
Ndivyo nilivyokuwa nikimwogesha Mwanajuma."

Miaka kumi na miwili mtoto yuko mwangu
na sikuwahi kuuliza
maji yake yalipimwa na nani.

Barazani mtu vuguvugu hasifiwi.
Huambiwa aseme moja: yuko huku au yuko kule.
Mimi mwenyewe nimeyasema hayo, kwa kelele,
kahawa mkononi.

Leo, kabla ya swala, mtoto angali kalala,
nilihesabu vikombe kwa sauti.
Nikamimina kwenye kifundo. Sikusikia kitu.
Nikashtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.
Nikatia sukari, nikatia hamira,
nikafunika kwa kisahani chenye ufa.

Dakika kumi.
Povu lilikuwa limefika ukingoni, rangi ya maziwa ya chai,
harufu ya ndizi iliyopitiliza,
vipovu vikipasuka, vingine vikichukua nafasi,
vuguvugu la maelfu
wasiokuwa na kiongozi.

Nikaisogeza simu karibu na kikombe, nikarekodi.
Sekunde ishirini na tatu. Nikamtumia.

Akajibu jua lilipokuwa limeshafika kwenye tangi:
"Sisikii kitu."

Nikamwambia, "Ndiyo hayo."